Kabla ya Siku ya Zege

Jamvi la kawaida la nyumba ya kuishi lina unene wa sentimita 10. Zege lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kila mita ya mraba ya jamvi hilo huikalia ardhi kwa kilo 240. Ni mzigo wa kutisha mpaka uugawanye: gramu 24 tu kwa kila sentimita ya mraba. Fundi wa kilo 70 aliyesimama na ndala zake juu ya udongo huohuo anaukandamiza mara kadhaa ya hapo, na akiinua mguu mmoja anaongeza mara mbili. Ardhi inayoweza kumbeba mtu bila kumzamisha ina nguvu ya kutosha kubeba jamvi.

Basi kwa nini majamvi yanapasuka? Pita mitaa mipya ya Goba, Chanika au Kitengela, ingia nyumba ambayo haijamaliza miaka mitatu, ukunje mkeka. Utakuta ufa umetoka kwenye kona ya mlango ukakatiza sebule, au umeandamana na ukuta kutoka pembe hadi pembe. Mwenye nyumba atailaumu saruji. Atakuambia mafundi waliuza mifuko yake, au mchanga ulikuwa na chumvi, au zege lilikorogwa na maji mengi. Pengine kweli. Lakini mara nyingi kosa lilishatendeka siku kadhaa kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa, kisha likafunikwa.

Zege huvumilia sana kubanwa na huvumilia kidogo mno kuvutwa. Uwezo wake wa kuhimili mvuto ni kama sehemu moja ya kumi ya uwezo wake wa kuhimili mbano. Jamvi lililolala juu ya ardhi ya aina moja hushuka pamoja nayo, na likishuka lote kwa milimita tatu hakuna atakayejua. Ubaya unaanza pale ardhi inaposhuka mahali pamoja na kubaki juu mahali pengine. Hapo jamvi linabaki linaning'inia juu ya uwazi, linageuka daraja ambalo hakuna aliyelisanifu, na upande wa chini wa daraja lolote huvutwa. Ndiyo maana nasema, na sura hii yote itazunguka hapo, kwamba jamvi haliombi ardhi ngumu. Linaomba ardhi ya namna moja. Udongo laini kiwanja kizima ni salama kuliko mwamba wenye doa moja la tope.

Wahandisi wa barabara walifika hapo kwa hesabu. Mwaka 1867 Emil Winkler, aliyekuwa akifundisha Prague, alipendekeza kwamba ardhi iliyo chini ya reli ichukuliwe kuwa safu ya springi zisizoshikana: kila sehemu hubonyea kwa kadiri ya mzigo wake yenyewe, bila kumsumbua jirani. Ni picha rahisi kupita kiasi, na kila mhandisi anajua hivyo, lakini bado inatumika. Mwaka 1926 Harald Westergaard, mzaliwa wa Copenhagen aliyekuwa akifundisha Illinois, aliichukua picha hiyo akakokotoa kinachotokea gurudumu linapokanyaga katikati ya jamvi, ukingoni na pembeni. Fomula zake zinaonyesha kwamba kingo na pembe ndizo zinazoumia kuliko katikati. Zinaonyesha pia jambo ambalo wengi hawalitarajii: ukilinenepesha jamvi kutoka sentimita 10 hadi 12.5, unapunguza mkazo wa ukingoni kuliko ukiifanya ardhi iliyo chini yake kuwa ngumu mara nne. Ulaini wa ardhi, basi, una dawa, na dawa yenyewe ni mifuko michache ya saruji. Hesabu hizo zote lakini husimama juu ya sharti moja, kwamba springi zile zifanane kote. Zisipofanana, unene hausaidii sana.

Na kiwanja cha mjini hakijawahi kufanana na chenyewe.

Chukua kiwanja cha Manzese, Tandika au Buguruni, pale nyumba ya zamani ya Waswahili inapobomolewa ili ipande nyingine. Familia tatu au nne zimeishi hapo kwa miaka hamsini. Choo cha kwanza kilijaa, kikafukiwa, kikachimbwa kingine hatua chache pembeni. Cha pili nacho kikajaa. Mvua za masika zilipokuja, watu wakachimba shimo la kando wakatapishia huko. Kulikuwa na shimo la taka, na taka zikafunikwa kwa majivu na mchanga. Leo tingatinga likisawazisha, unaona uwanja mmoja wa mchanga mwekundu, safi, unapendeza macho. Chini yake kuna mashimo manne yenye viroba, matambara, maganda na uchafu ambao bado unaoza, na kinachooza hupungua.

Mashimo hayo hayaonekani kwenye hati ya kiwanja. Yanajulikana na bibi wa nyumba ya jirani. Nenda kwake na soda, mwombe akuonyeshe choo kilikuwa wapi zamani, na kile cha kabla yake. Angalia pia mimea kabla tingatinga halijaja: mgomba au mpapai ulionawiri peke yake kwenye kiwanja kikavu haukuota hapo kwa bahati. Kisha chukua kipande cha nondo ya milimita 12, chenye urefu wa mita moja na nusu, unoe ncha, utembee kwa mistari ukiuchoma udongo kila baada ya mita moja. Huhitaji kuwa mhandisi. Mkono wako utajifunza kwa dakika kumi nguvu inayohitajika, na pale nondo itakapozama kwa uzito wake yenyewe utashtuka. Weka kigingi hapo.

Doa likipatikana linachimbuliwa lote mpaka udongo uliotulia, sio kufunikwa. Na hapa mafundi wengi wazuri hukosea kwa wema. Wakishatoa uchafu, hujaza shimo kwa mawe makubwa na zege, ili "hapa pasisumbue tena". Sasa doa laini limekuwa doa gumu. Ardhi yote ya pembeni itashuka milimita zake chache, nguzo ile ya zege iliyozikwa haitashuka, na jamvi litavunjikia juu yake. Shimo lijazwe kwa udongo unaofanana na ule wa jirani, tabaka kwa tabaka, ushindiliwe mpaka nondo ileile isione tofauti. Kisiki cha mwembe kinataka uangalifu huohuo: ng'oa na mizizi minene, kwa sababu mzizi wenye unene wa mkono ukioza huacha handaki la urefu wa sebule.

Viwanja vya milimani, Kimara, Goba, Mbezi Juu, vina mtego wao. Ili kupata uwanja, unakata upande wa juu wa mteremko na kumwaga udongo huo upande wa chini. Nusu ya nyumba inakaa juu ya ardhi iliyolala tangu enzi, nusu juu ya udongo uliofika juzi. Ufa utajitokeza kwenye mpaka wa hizo mbili, na unaweza kuuchora kwenye ramani kabla nyumba haijajengwa. Ushauri wangu huwashangaza watu: uchimbe ule upande mgumu. Ushushe sentimita 30 zaidi ya unavyohitaji, halafu ujaze pande zote mbili kwa tabaka moja la udongo wa aina moja. Upande wa chini kata ngazi kwenye mteremko kabla ya kujaza, udongo mpya usije ukateleza juu ya ule wa zamani. Mwenye nyumba ataona unamchimbia alichokwisha kuchimba. Mweleze mara moja tu, kisha endelea.

Lakini mtego mkubwa kuliko yote uko kwenye viwanja vya kila mahali, na mafundi wanautengeneza wenyewe. Nyumba zetu hujengwa hivi: msingi unachimbwa, matofali yanapanda kozi kadhaa, mkanda unafungwa, na sasa kuna sanduku la vyumba linalosubiri kujazwa. Lori la tipa linakuja na kifusi. Vijana wanajaza kwa matoroli mpaka juu, wanamwagia maji kwa mpira, wanatembeatembea, siku mbili baadaye jamvi linamwagwa. Ndani ya sanduku hilo kuna mfereji ule fundi aliousimamia akijenga msingi, pembeni ya kila ukuta, wenye upana wa kama nusu mita. Mfereji huo umejazwa kwa kusukumiwa udongo na sepeto, na hakuna mguu wala mashine iliyoufikia kule chini. Ufa unaoandamana na ukuta hutoka hapo. Kifusi cha katikati kimeshuka kidogo, cha mferejini kimeshuka sana, na jamvi limeegemea mkanda kwa ukingo wake, ule ukingo ambao Westergaard aliuonea huruma.

Mazungumzo yanayofuata yamefanyika kwenye maelfu ya viwanja.

"Fundi, kifusi hiki kimeshindiliwa?"

"Kimekaa, bosi. Kimenyeshewa wiki nzima, kigumu hicho. Kanyaga uone."

Unakanyaga, na kweli ni kigumu. Fundi hasemi uongo. Mguu wako lakini unapima sentimita chache za juu, na mvua nayo imetuliza hizohizo chache. Nusu mita chini, madonge yameegemeana yakiacha nafasi tupu, na yataendelea kuegemeana hivyo mpaka siku bomba la bafuni litakapovuja.

Anayefaa kutajwa hapa ni Ralph Proctor, ingawa hakuwahi kujenga sebule ya mtu. Usiku wa tarehe 12 Machi 1928, bwawa la St. Francis kaskazini ya Los Angeles lilivunjika na kuua watu zaidi ya 400. Lilikuwa ukuta wa zege, na uchunguzi wa baadaye umeielekeza lawama zaidi kwenye ardhi kuliko kwenye zege: ubavu wa mashariki ulishikilia mwamba uliokuwa sehemu ya maporomoko ya kale. Mji ulipoamua kujenga bwawa mbadala, kwenye korongo la Bouquet, ulichagua kuta za udongo ulioshindiliwa. Proctor alikuwa mhandisi wa idara ya maji ya mji huo, na swali lake lilikuwa la kawaida kabisa: nitajuaje kwamba udongo umeshindiliwa vya kutosha? Mwaka 1933 alichapisha majibu yake kwenye jarida la Engineering News-Record.

Kipimo kilichotokana na kazi yake bado kinafanywa kila siku kwenye maabara za barabara, Dar es Salaam na Nairobi zikiwemo. Udongo unawekwa kwenye kopo la chuma lenye ujazo wa chini kidogo ya lita moja, kwa matabaka matatu. Kila tabaka hupigwa mara 25 kwa nyundo ya kilo 2.5 inayoangushwa kutoka sentimita 30 hivi. Unapima uzito, unakausha, unajua udongo mkavu uliomo. Unarudia ukiwa umeongeza maji kidogo, na tena. Mwanzoni, kadiri unavyoongeza maji ndivyo udongo unavyojipanga vizuri zaidi, maana maji huzilainishia chembe njia ya kutelezea mahali pake. Kisha inafika hatua mkondo unageuka: maji yanayozidi yanakalia nafasi ambayo udongo ungeikalia, na kila tone linalofuata linaharibu. Kati ya ukavu na tope kuna kiwango kimoja cha unyevu ambapo jasho lilelile linaleta matokeo makubwa kuliko popote pengine.

Kiwanjani huna kopo la Proctor, lakini una kiganja. Chukua udongo, ufinyange kwa nguvu mara moja, fungua mkono. Ukimwagika kati ya vidole ni mkavu. Ukiacha unyevu unaong'aa kwenye kiganja umelowa mno. Ukishikana donge, liachie lianguke kutoka kiunoni kwenye kitu kigumu: likivunjika vipande vichache umefika, likitawanyika unga ongeza maji, likibonyea bila kuvunjika uache udongo upigwe jua mpaka kesho. Watu wa barabarani, wenye vifaa vyote, bado hufanya hivi kwanza kabla ya kufungua sanduku la vipimo.

Mchanga una sheria yake, na kwa mtu wa Dar es Salaam hii ina uzito, kwa sababu sehemu kubwa ya jiji imekaa juu ya mchanga. Mchanga wenye unyevu kidogo, asilimia tano hivi, huvimba: utando wa maji unazishika chembe zisikaribiane, na ujazo wake unaweza kuzidi wa mchanga mkavu kwa robo nzima. Huo ndio mchanga unaoletewa na tipa asubuhi baada ya manyunyu, na ndio mbaya kuliko wote kwa kujazia. Mchanga hushindiliwa ukiwa mkavu kabisa au ukiwa umelowa chapachapa, na hupenda mtikisiko kuliko kipigo. Kwa hiyo yule kijana anayemwagia mpira wa maji kwenye mchanga hajakosea, mradi amwage maji ya kutosha na yapate pa kutokea. Anayemwagia maji hayohayo kwenye kifusi chenye mfinyanzi anatengeneza tope lililofunikwa na gamba.

Kilichobaki ni subira. Kifusi kinajazwa kwa tabaka la sentimita 15, kinashindiliwa, ndipo tabaka la pili. Mashine ndogo ya kushindilia hukodishwa kwa siku, na haina uwezo wa kufika chini zaidi ya hapo hata ikiunguruma mpaka jioni. Kwenye ule mfereji wa kando ya ukuta, ambako mashine haizunguki, tumia kishindilio cha mkono: kopo la rangi lililojazwa zege na kuchomekwa bomba la chuma linatosha, mradi aliyelishika asichoke kabla ya udongo. Anza na mfereji kila mara, siku bado changa na vijana wana nguvu.

Watu wa kale hawakuwa na Proctor, na hawakuwa wajinga. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi aliyeandika katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, anaifungua habari ya sakafu kwa ardhi. Uchunguzwe udongo, anasema, kama ni imara kote. Kama wote au sehemu yake ni wa kujaziwa, ushindiliwe kwa uangalifu mkubwa. Ndipo yaje mawe yasiyopungua kujaa mkononi, juu yake kokoto na chokaa iliyopigwa kwa magongo na timu za watu kumi kumi, na kazi ikiisha tabaka hilo lisipungue robo tatu ya futi. Waswahili wa Lamu, Unguja na Kilwa walijenga sakafu za ghorofani kwa boriti, matumbawe na chokaa, na chokaa hiyo ilipigwa kwa magongo siku nyingi, wapigaji wakienda pamoja kwa nyimbo. Wimbo ulikuwa na kazi ya kihandisi. Ulihakikisha kila futi ya sakafu inapata kipigo kilekile. Ukiwaona vijana watatu wakishindilia kifusi, mmoja akiwa na simu mkononi, utaelewa ninachokikumbuka.

Kuna ardhi ambayo yote niliyosema hayaitoshi. Ni mbuga, udongo mweusi unaoganda kwenye viatu wakati wa masika na kufunguka nyufa za kumeza mkono wakati wa kiangazi. Upo Shinyanga, upo tambarare za Athi na Kitengela, upo Mwea na Kano. Weusi si tatizo. Tatizo ni madini ya mfinyanzi yaliyomo, ya jamii ya smektaiti, yenye vibamba vyembamba mno ambavyo maji hujipenyeza katikati yao na kuvisukuma mbali. Udongo ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na nguvu ya kuvimba huko inazidi kwa mbali zile gramu 24 za jamvi letu. Jamvi halina uzito wa kuukalia.

Na hauvimbi kwa usawa. Jenga nyumba juu ya mbuga, na udongo wa katikati, uliofunikwa na jamvi, hautapata mvua wala jua. Ule wa pembeni utaendelea kulowa na kukauka kila mwaka. Kingo zinapanda na kushuka, katikati imetulia. Ukiushindilia vizuri ukiwa mkavu umeongeza balaa, maana umebana udongo mwingi zaidi mahali pamoja, wote una kiu. Ndiyo maana kule Kitengela utaona malori yakibeba udongo mweusi kwenda kuutupa na kuleta moramu: unachimbwa mpaka uishe, kama kina chake kinafikika. Kisipofikika, kuna chokaa, ambayo ikichanganywa na mfinyanzi huo hupunguza tamaa yake ya maji, lakini kuichanganya sawasawa kunataka mashine na mtu anayejua vipimo. Njia nyingine ni kuliinua jamvi lisiguse udongo kabisa, likabebwa na mihimili. Ni ghali. Mtu anayeuziwa kiwanja cha bei nafuu kwenye mbuga akumbuke kwamba tofauti ya bei anailipa kwa tipa.

Juu ya kifusi kilichotulia yanafuata matabaka ambayo mafundi wetu wanayajua vizuri, kwa hiyo nitayapita haraka. Mawe ya sentimita 15 hadi 30, yaliyopangwa na kupigwa, sio kumwagwa. Kazi yake kuu ni kukata njia ya unyevu: maji hupanda kwenye vinjia vyembamba vya udongo lakini hayawezi kupanda kwenye nafasi pana za mawe. Juu yake vumbi la kokoto au moramu laini, sentimita 5, ya kuziba meno ya mawe. Halafu dawa ya mchwa. Zamani ilikuwa aldrini na dieldrini, sumu ambazo hukaa ardhini miaka na miaka na ziliwekwa miongoni mwa za kwanza kupigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa 2001. Zilizopo sasa hazidumu hivyo, kwa hiyo ipulizwe jamvi likiwa limekaribia, na isinyeshewe kabla ya kufunikwa. Mwisho nailoni nzito, ile ya geji 1000, yenye unene wa robo milimita, ikipandana kwa sentimita 30 kwenye maungio na kukunjwa juu kwenye kuta. Nailoni inatobolewa na viatu, na wavu wa chuma wa BRC, na miguu ya toroli. Kila tundu lililoachwa litajitokeza baadaye kuwa doa la chumvi nyeupe kwenye vigae vya sebuleni, hasa kwa walio karibu na bahari.

BRC yenyewe isiachwe ilale juu ya nailoni. Chuma kilicho chini kabisa ya jamvi hakishikwi na zege, na ile desturi ya kusema "tutainyanyua kwa ndoano wakati wa kumwaga" huishia kwenye mazungumzo. Weka vijiwe vya zege vya kuinyanyulia mapema.

Jamvi la nje, la uani au la kuegesha gari, lina adui wa ziada. Maji ya mvua yanaingia kwenye maungio na nyufa, gari linapita, jamvi linabonyea kidogo na kuyarusha maji hayo nje pamoja na vumbi laini la udongo. Kila gari likipita linabeba kijiko kimoja. Baada ya misimu kadhaa pembe ya jamvi inaning'inia. Barabara za zege zimeuawa hivyo tangu magari mazito yaanze kupita juu yake. Kinga ni mteremko, sentimita 2 kwa kila mita, na mteremko huo uanzie kwenye udongo wenyewe. Wengi husawazisha udongo ukawa tambarare, kisha wakautafuta mteremko kwa zege, upande mmoja sentimita 12 na mwingine 7. Ule wa 7 ndio utakaopasuka. Chini nako, kwenye udongo tambarare, maji yaliyopenya hayana pa kwenda.

Sasa fedha, maana humo ndimo yote haya hushindikania. Fundi analipwa kwa jamvi, na mwenye nyumba anahesabu hatua kwa kinachoonekana: msingi, jamvi, kuta, paa. Kushindilia hakuonekani popote kwenye orodha hiyo. Fundi akitumia siku nne kwenye kifusi amezitoa mfukoni mwake, na ni dhuluma kumlaumu kwa kutozitoa. Ukiandikiana naye, tenga malipo ya kujaza na kushindilia, na uyalipe kwa tabaka: likikaguliwa kwa nondo, linalipwa, ndipo tipa ya pili iingie.

Na kama bei ya siku hizo inakuuma, kuna hesabu nyingine. Nyumba ya mita 100 za mraba inahitaji mita 10 za ujazo za zege. Ardhi yako ikiwa na mabonde ya wastani wa sentimita 2, zege litayajaza bila kukuuliza, na hizo ni mita 2 za ujazo zaidi. Kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne, ni mifuko kama 13 ya saruji, na mchanga wake na kokoto zake, iliyozikwa kwenye kazi ambayo kifusi kingeifanya. Linganisha na kodi ya mashine ya kushindilia kwa siku mbili, kwa bei za mtaani kwako. Vuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta, shuka kwa futikamba kila baada ya mita, andika namba ubaoni.

Siku ya zege si siku ya kukagua. Watu thelathini wapo, mikisa inanguruma, ndoo zinapita mkono kwa mkono, sufuria la ubwabwa liko motoni, na hakuna atakayekusikiliza ukisema umeona doa. Kagua siku mbili kabla, nailoni haijatandikwa. Pita na nondo kwenye mistari yako, na kwenye mifereji ya kando ya kuta pita mara mbili. Ukikuta inazama, fukua hapo, hata kama umeshalipia mikisa.